Ngoma Nyekundu

Katika kila bendi ya gwaride ipo ngoma ndogo ambayo watu huisikia wote, na wachache tu huitazama. Ngoma kubwa huhesabu hatua na tarumbeta huimba, lakini ngoma ndogo, yenye nyuzi za chuma chini yake, ndiyo inayoipa miguu uhai. Mlio wake ni mkavu na mkali, kama bisi zinazopasuka katika sufuria ya moto. Ukitaka kuijua thamani yake, msomaji, ingoje siku itakayonyamaza.

Mimi niliijua siku ya namna hiyo katika mwaka wa 2004. Nilikuwa kijana wa miaka 17, mkazi wa Kamenu, mjini Thika. Vijana wa kanisa letu tulikuwa na bendi ya tarumbeta tatu na ngoma mbili. Wiki chache kabla ya Sikukuu ya Madaraka, ambayo Kenya huiadhimisha tarehe 1 Juni kwa kukumbuka siku ilipopata serikali ya ndani mwaka wa 1963, ngoma yetu ndogo ilianguka ikapasuka. Mchango ukapitishwa. Wafanyakazi wa viwandani walitoa noti. Mama mmoja muuza mboga alitoa sarafu alizozifunga katika pindo la leso. Zilipatikana shilingi 8,000. Kwa kuwa nilisifiwa kuwa na sikio jema, nilikabidhiwa fedha zile nikaenda Nairobi, safari ya kilomita 40 hivi.

Dukani nilikuta ngoma mbili za bei yetu. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, imekwisha kutumika, ina mikwaruzo mingi na parafujo nane. Ya pili ilikuwa mpya, ya mbao nyembamba iliyofunikwa plastiki nyekundu ing'aayo, na parafujo zake zilikuwa sita. Ile ya chuma sikuigusa. Niliitazama ile nyekundu nikajiona nimeivaa siku ya gwaride, na watoto wananikimbilia kandokando ya barabara. Nikalipa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika shuleni mara nyingi, wala siku ile haikunijia.

Jioni watu walikusanyika uani kuipokea ngoma yao. Niliposhusha vijiti, ilitoa sauti ya debe tupu lililoangushwa, na nyuzi zake zikaendelea kutatarika baada ya pigo kwisha. Kwa aibu nilishika parafujo iliyokuwa karibu nami nikaikaza kwa nguvu zangu zote, na sauti ikazidi kuharibika. Yule mama muuza mboga akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, dukani hapakuwa na nyingine?"

Swali lile liliniuma kuliko tusi. Njia ya uongo ilikuwa fupi na wazi mbele yangu, kwani hakuna aliyefuatana nami. Nikasema, "Ilikuwapo, mama. Hii niliichagua kwa rangi." Hakuna aliyenijibu.

Baada ya watu kutawanyika alibaki mzee mmoja, ambaye ujanani mwake alipiga ngoma katika bendi ya jeshi. Akaniambia, "Kijana, kosa la kuchagua limekwisha kupita. Sasa tutazame kosa la kukaza, maana hilo bado twaweza kulitengeneza."

Akaifungua ngoma yote, akazitoa ngozi mbili na pete zake. Mwili mtupu akauweka juu ya meza iliyonyooka, akamulika tochi ndani yake, akaniambia nitazame kama mwanga unapenya chini ya ukingo. Ulipenya mahali pamoja, palipokuwa na uvimbe mdogo wa gundi. Akaukwangua taratibu kwa msasa, akapiga nta ya mshumaa ukingoni. Kisha akanionyesha ngozi zenyewe. Ya juu ni nene, kwa sababu ndiyo inayopigwa. Ya chini ni nyembamba sana, kwa sababu kazi yake si kupigwa bali kuitikia. Kijiti kishukapo, hewa iliyofungwa ndani husukumwa, nayo huitikisa ngozi ya chini, na ngozi hiyo huzirusha nyuzi zinazoigusa. Hapo ndipo ule mlio mkavu uzaliwapo. Ngozi hizo siku hizi ni za plastiki. Zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1956 na 1957 kwa juhudi za Chick Evans na Remo Belli. Kabla ya hapo ngoma za bendi ziliwambwa ngozi ya ndama, nayo hulegea penye unyevu, kama ngoma zetu za asili ambazo hata leo huotwa moto kabla ya kuchezwa.

Akairudisha ngozi ya juu, akakaza kila parafujo kwa vidole tu mpaka ikakataa kwenda. Ndipo akanipa ufunguo. "Geuza robo ya mzunguko," akasema, "kisha uvuke ng'ambo ukageuze iliyoelekeana nayo. Usifuate jirani kwa jirani, maana utaivuta ngozi upande mmoja." Nilipokwisha kuzizunguka zote, aliikandamiza ngozi katikati kwa kiganja ili ikae vyema. Kisha akagonga kwa ncha ya kijiti karibu na kila parafujo, inchi moja kutoka ukingoni, nami nikasikiliza. Hapo nilistaajabu: ngoma ile moja ilikuwa na sauti sita zisizopatana. Pale nilipokuwa nimekaza kwa hasira palilia juu kabisa, na jirani zake walinyamaza kama wagonjwa.

Tulifanya kazi hiyo saa mbili. Parafujo iliyolia juu tuliilegeza, iliyolia chini tuliikaza kidogo kidogo, mpaka zote sita zikasema neno moja. Ngozi ya chini tuliifanyia vivyo hivyo, tukaikaza kupita ya juu kidogo. Nyuzi tukaziweka katikati sawasawa, tukazibana hata zikagusa bila kukaba. Mzee akapiga pigo moja, akatabasamu, akanipa vijiti.

Tarehe 1 Juni niliivaa ngoma nyekundu. Haikulia kama ambavyo ile ya chuma ingeweza kulia, wala sitakudanganya kwamba bidii hugeuza mbao hafifu kuwa shaba. Lakini ililia kwa uaminifu, na miguu ya watoto ilipatana nayo. Yule mama alisimama kando ya njia na beseni lake la mboga. Nilipompita alitikisa kichwa kufuata pigo, nami nikajua kwamba nimesamehewa.

Msomaji, huenda siku moja nawe ukatumwa kununua ngoma kwa fedha chache za watu wengi. Basi izungushe mezani uone kama mwili wake ni mviringo kamili. Geuza kila parafujo, maana iliyoliwa meno haitashika. Fungua na kufunga wenzo wa nyuzi mara kumi. Kati ya mbili za bei moja, aghalabu yenye parafujo nane hukubali kulinganishwa kwa usahihi kuliko yenye sita. Mikwaruzo isikutishe, kwani hakuna aisikiaye. Rangi iache iwe ya mwisho.

Na ukishaipata, usiihukumu kabla ya kuikaza kwa haki. Tangu siku ile nimeona katika vyama na katika nyumba mambo yale yale niliyoyasikia uani kwetu: mmoja amevutwa mpaka karibu kukatika, jirani yake amelegea, na watu wasema kwamba ngoma ni mbovu. Pengine ni mbovu kweli. Lakini kwanza chukua ufunguo, vuka ng'ambo, geuza robo tu, kisha usikilize.