Kaka, boti na boom langu

Nimepotea kidogo, pepa zilitubana, si mnajua. Leo sina stori za hosteli.

Kaka yangu ni baharia kwenye boti ya mbao inayobeba abiria na mizigo kati ya Nyamisati na Mafia. Mwezi uliopita akanipigia: "Dogo, wewe ndiye msomi, nichagulie kozi ya usalama." Zilikuwepo mbili. Moja ya siku moja, unakaa darasani, jioni unaondoka na cheti. Nyingine siku tano, bei karibu mara tatu. Bosi wake akataka ile ya siku moja. Eti mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ule wa STCW wa 1978, unaviacha nje vyombo vya mbao vya kizamani. Hapo kweli hakukosea. Ila bahari nayo imeviacha nje?

Basi mwalimu mtarajiwa nikaingia kazini. Nikapiga simu kote kuwili. Wanafunzi wanaingia majini? Moto unawashwa wa kweli, kila mtu auzime kwa mkono wake? Wale wa siku moja wakanijibu, "Tuna video nzuri sana." Jamani, video! Kule TP nilifundisha kwa chati tu, watoto wakatoka kapa, sembuse kuzama. Wale wa pili wana bwawa: unaruka na jaketi la kuokolea maisha, unageuza boya kubwa la mpira lililopinduka, unapanda, unamvuta mwenzio.

Kaka akabisha. "Mimi naogelea tangu sijaanza shule."

Nikamwambia sawa, na abiria je? MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018, imebakiza kidogo tu ifike gatini Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake abiria 101, waliokufa walizidi 200. Akanyamaza. Halafu: "Na hela?"

Hapo sasa. Bosi katoa ya siku moja tu, iliyobaki nimejazia mimi, boom lote kwisha. Msiniulize nakula nini, mama ntilie wa getini ananikopesha wali maharage na ananiangalia vibaya.

Juzi usiku meseji ikaingia: "Dogo, leo boya limenishinda mara mbili. Ya tatu likageuka. Maji ya bwawani yanawasha macho balaa."