Kilima cha Masingini

Sisi tuliolelewa Mji Mkongwe tumezoea kupanda ngazi za nyumba, si milima. Mwenzetu mmoja aliporejea kutoka Moshi akiusifu Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895, tulijihisi wanyonge. Tukaazimia nasi kupanda kilele cha kwetu, yaani Masingini, mahali palipoinuka kuliko pote katika Unguja. Kimo chake ni kiasi cha mita 120 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tulikwenda kwa dharau. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Tulikuwa watano. Tuliondoka Ngome Kongwe baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ya kaskazini, upande ambao kati ya mwaka 1905 na 1928 lilipita gari la moshi hadi Bububu. Mmoja wetu tu ndiye aliyechukua maji, galoni nzima begani, nasi tukamcheka kana kwamba anahamia jangwani. Tulikawia kutazama magofu ya Maruhubi na Mtoni, jua likatuwahi. Tukaanza kumwomba maji mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kufika Bububu galoni ilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa amekunywa mafunda mawili.

Tulipoanza kupanda, kati ya minazi na mikarafuu, macho yake yaliingia kiza, akaketi chini. "Endeni, nitawangoja hapa," alisema. Wawili wetu walitaka kuendelea, kwani kilele kilikuwa karibu. Tuliona haya kutazamana. Mwishowe tulimshika mikono, tukateremka naye hadi nyumba iliyokuwa karibu, tukapiga hodi.

Bibi mmoja alitutekea maji mtungini kwa kata. Tulipomweleza safari yetu, alicheka. "Wajukuu zangu, mmekuja kuona kiu penye maji! Mkifungua mifereji yenu huko mjini, mwanywa maji ya msitu huu."

Alisema kweli. Tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mji umekuwa ukipata maji kutoka chemchemi za upande huo. Na msitu wa Masingini umehifadhiwa ili mvua izame ardhini, isikimbilie baharini. Tulikuwa tumeyanywa maji hayo maisha yetu yote bila ya kuuliza yanakotoka, kama tulivyoyanywa ya mwenzetu bila ya kuuliza yamebaki mangapi.

Baada ya adhuhuri tulipanda tena, mwenzetu akitangulia na kutupimia mwendo. Juu hapakuwa na theluji. Palikuwa na kivuli, kima wakirukaruka, na katika mwanya wa miti ukaonekana ukanda wa bahari. Hatukushangilia, tulisimama kimya.

Wakati wa kurudi, bibi yule alitujazia galoni. Tuliibeba kwa zamu hadi mjini, na yeye aliyekuja nayo hatukumwachia aibebe hata hatua moja.