Nyama Hugeuzwa, Samaki Huachwa

Nimeifunga hoteli yangu ya Malaba, na magoti si sababu pekee. Zamani dereva wa trela alimaliza karatasi upande wa Kenya, kisha akaanza upya upande wa Uganda. Alilala hapa siku mbili tatu, na aliyelala sharti ale. Kituo cha pamoja cha mpaka kilipoanza, akawa anasimama mara moja tu, na njaa yake ikahamia Tororo na Jinja. Sikilaumu kituo. Nasema tu kwamba makaango yangu yalipoa.

Nilizaliwa Samia, baba akivua Ziwa Victoria upande wa Port Victoria. Utotoni tulikula ngege na ningu. Mbuta alitapakaa baadaye, miaka ya 1980, akawamaliza wengine. Darasa la saba lilinitosha. Yaliyobaki nilifundishwa jikoni.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa. Mpishi mmoja wa behewa la chakula, aliyekuwa akipikia abiria wa Nairobi na Kampala, akajikuta hana treni. Akafungua hoteli ya mabati hapa Malaba, karibu na reli. Mimi niliingia kuosha vyombo. Sote tulimwita Mzee, nami namwita hivyo hadi leo, ingawa tulimzika zamani.

Mzee alianzia buchani. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, adhuhuri nyama yake bado imekaza, kwa hiyo alinunua sarara na kuilaza usiku kucha kwenye kabati la wavu, penye ubaridi. Asubuhi aliikata kukingama na nyuzi zake, unene wa vidole viwili. Kisha aliifuta kwa kitambaa hadi ikauke. Nyama mbichi yenye majimaji huanza kwa kuchemka, na maji hapa kwetu huchemka hata kabla ya digrii 100. Ile rangi ya hudhurungi yenye utamu inataka joto kali zaidi. Chumvi aliitia saa nzima kabla, au papo hapo inapoingia kaangoni. Ukiitia dakika kumi kabla, inavuta maji nje, na kazi ya kitambaa imepotea.

Hoteli ya jirani ilichemsha sarara kwanza, kisha ikaikaanga na nyanya na kuiita steki. Mguu wa ng'ombe aliyevuta plau, chemsha, sikukatazi. Sarara? Wateja wa pale waliisifu sana supu, na walikuwa na haki, maana ladha yote ilikuwa humo.

Ila kuna jambo moja ambalo sikukubaliana na Mzee, wala sikubaliani naye leo. Sheria yake ilikuwa: geuza mara moja. Nyama mara moja, samaki mara moja. Aliitoa kwenye treni, ambako abiria wengi walipenda steki nyekundu ndani. Mteja wa Malaba akiona damu anarudisha sahani. Sasa igeuze mara moja tu huku unataka iive kabisa: moyo ukiiva, nje pameshakuwa ngozi ya kiatu. Mimi hugeuza kila baada ya nusu dakika hivi. Upande mmoja unapata moto, mwingine unapumua, joto linaingia taratibu kutoka pande zote mbili, na nyama inaiva bila kukauka. Mzee alisema haitapata rangi. Inapata, mradi kaango ni zito na moto haukupunguzwa. Ikitoka iache dakika tano, ndipo uikate. Madereva wa Mombasa ndio walionionyesha papai bichi kwa nyama ngumu: sugua, subiri nusu saa, futa. Ukizidisha inalegea mpaka inakuwa uji juu.

Kwa samaki, Mzee alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Mbuta mkate vipande vya kukingama, mfupa katikati, ngozi isiguswe. Vipande vya namna hii vilikuwa vya kutafutwa, kwani minofu ilikwenda viwandani Kisumu na kuvuka hadi Ulaya, sisi tukabaki kugombania mgongo wazi, yaani mifupa iliyoondolewa minofu. Tia chumvi, kausha, mlaze kwenye mafuta kiasi, moto wa wastani. Kisha mikono nyuma! Akishikwa na moto vizuri anajiachia mwenyewe. Ukimlazimisha, ngozi inabaki kaangoni. Mgeuze mara hiyo moja. Mnofu ukiachana na mfupa, ameiva. Ndimu baadaye, mezani.

Mwaka 2020, madereva wakingojea majibu ya korona, foleni ilitoka Malaba ikaelekea Bungoma, na wakawa wanapika kando ya magurudumu. Niliwapitia na kaango langu. Mtu mwenye stovu moja na kipande cha nyama anaweza kula vizuri, na nyinyi vijana wenye gesi ya mitungi miwili mnanunua chipsi za jana! Acheni kubonyeza nyama kwa kijiko. Mnakamua nini?

Mwanawe Mzee ana hoteli ng'ambo, Tororo. Bado anageuza steki mara moja, kwa heshima ya baba yake, na ameniambia hivyo usoni. Nikienda kwake huagiza samaki.