Komeo la Bafu

Januari 2003, Jaji Louise Gruner Gans wa New York aliamua kwamba nyumba ya malezi ya wavulana, iliyokuwa chini ya idara ya watoto ya jiji, haikuwa na haki ya kumkataza kijana transjenda wa miaka 17 kuvaa sketi na gauni. Mahakamani aliitwa Jean Doe, jina la kumficha. Kwa kuwa madaktari walikuwa wamethibitisha hali yake, jaji alisema sheria ya haki za binadamu ya jimbo inamlinda kama inavyomlinda mtu mwenye ulemavu. Hadi leo sipendi kwamba ilibidi mtoto ahesabiwe mlemavu ndipo aachiwe gauni lake. Lakini alishinda.

Kesi hiyo ilikuwa gumzo kwenye mafunzo ya wazazi walezi niliyokuwa nikihudhuria Bronx. Mwalimu akauliza nani angempokea mtoto wa namna hiyo. Watu wakainamia karatasi zao. Nikanyoosha mkono, nadhani kwa ubishi zaidi ya huruma. Kwetu Mombasa nimelelewa kwenye nyumba ambamo mtoto wa ndugu, wa jirani na wa mpita njia walikula sinia moja.

Haukupita muda nikaletewa mtoto wa namna hiyo, usiku, nguo zake zimetiwa kwenye mfuko mweusi wa takataka. Umri wake miaka 16. Karatasi zilisema mvulana. Mlangoni alisimama msichana mrefu aliyejikunyata ndani ya koti la kiume.

"Mwanangu, nikuite nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kwanza kuona kama ni mtego, kisha akataja jina alilojichagulia. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akalitamka vizuri na kumkaribisha mezani. Palikuwa na chapati na maharagwe ya nazi. Alikula kimya, akaongeza.

Alikuwa akilala na viatu. Kule alikotoka nguo zake ziliibwa, na alipooga wenzake waliusukuma mlango kwa makusudi. Basi kabla ya daktari na wakili, mume wangu alinunua komeo na kulifunga kwenye mlango wa bafu, upande wa ndani. Binti akalijaribu: akafunga, akafungua, akafunga tena. Jioni ile alikaa bafuni mpaka maji ya moto yakatuishia sote, na hakuna aliyemgongea.

Nilimpa leso za kuvaa nyumbani, na akajua kuzifunga upesi kuliko wanangu wa kuwazaa. Maneno hayakukosekana. Kwenye harusi moja, dada mmoja wa Pwani alinivuta pembeni: "Mama, mtoto wa watu huyo atakuletea balaa." Nikamwambia balaa pekee ninaloliona ni wanangu kuachiwa vyombo siku asipokuwepo.

Hofu yangu ilikuwa barabarani. Alipochelewa nilimkumbuka Ali Forney, kijana asiye na makao aliyeuawa kwa risasi Harlem, Desemba 1997, akiwa na miaka 22. Mwaka 2002 Carl Siciliano alianzisha makazi ya vijana kwa jina lake. Waliolala humo wengi walikuwa na wazazi, hai na wazima, waliowafukuza.

Serikali nayo ilijikokota. Tangu 1998 bima ya umma ya jimbo ilikatazwa kulipia matibabu ya kubadili jinsia. Katazo hilo lilianza kuondolewa 2015, binti yangu akiwa mtu mzima anayejilipia. Kubadili jina kulidai tangazo gazetini, jina la zamani na jipya yakiwa pamoja, labda jaji akusamehe kwa ajili ya usalama wako. Kumlazimisha mtoto anayejificha ajitangaze gazetini ni ukatili, hata ukipigwa muhuri. Sheria ya 2021 ililifuta sharti hilo.

Hakuhamishiwa kwingine. Alikaa kwetu mpaka akapata kazi na chumba chake, na Eid huja na mumewe.

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki mlioko New York, hamhitaji nyumba ya kununua wala ndoa ili muwe wazazi walezi. Waliopanga hukubaliwa, na wasioolewa pia. Mkienda kwenye mafunzo mkaulizwa lile swali nililoulizwa mimi, nyoosheni mkono.