Nilivyotoka Meza ya Katibu Nikaingia Masjala

Kwetu Zombo, wilayani Kilosa, binti aliyemaliza kidato cha nne akisema anataka kazi ya ofisini, wazazi humwona tayari kakaa mlangoni kwa bosi, anachapa barua. Kazi nyingine ya ofisini hawaijui. Nami nilikwenda kusomea uhazili kwa imani hiyohiyo. Nilipandia treni Kilosa mpaka Tabora, kwenye chuo kilichojijengea jina kwa kufundisha makatibu mahsusi, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Leo ni msaidizi wa kumbukumbu katika halmashauri, na ninayo haya ya kuwaambia mabinti wa kata za Zombo, Ulaya na Masanze kabla baba hajauza ufuta kulipa ada.

Nianze na mshahara, maana ndio unaoulizwa kwanza. Serikalini, mwenye stashahada ya uhazili huingia kama Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II, jina jipya la katibu mahsusi, kwa ngazi ya mshahara ya TGS C. Mwenye stashahada ya masjala huingia kama Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II, naye kwa TGS C. Makato ya lazima ni yaleyale: asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, na kodi. Anayekwambia moja ya kazi hizi inaanza na hela nyingi kuliko nyingine, hajasoma matangazo ya ajira.

Tofauti ipo nje ya serikali. Katibu anahitajika kila mahali: kwa wakili, shuleni, hospitali binafsi, kwenye kampuni ya mabasi. Mimi mwenyewe nilipata kazi Morogoro mjini mara tu baada ya chuo. Lakini sikupewa mkataba wa maandishi, mchango wangu wa NSSF haukupelekwa, na mshahara uliishia kwenye kodi ya chumba na nauli. Hata amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, wakati serikalini kilikuwa kimeshafika 370,000. Julai 2025 cha serikalini kikapanda hadi 500,000.

Masjala haina milango mingi hivyo. Ukitoka chuoni unaitegemea serikali, unafungua Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, asubuhi na jioni. Nilipomaliza stashahada yangu ya pili, ya masjala, nilirudi nyumbani nikalima mpunga na mama, na watu wakamuuliza mwanao vipi, mbona vyeti viwili na yuko shambani. Kipindi kile kiliniuma sana.

Kilichonihamisha hakikuwa fedha. Kilosa yetu inajulikana kwa migogoro ya ardhi, wakulima na wafugaji, na mashamba ya mkonge yaliyoachwa. Baba yangu mkubwa alipewa shamba na mkutano wa kijiji, katika kijiji nisichotaka kukitaja. Ulipotokea ugomvi, muhtasari wa mkutano ule ulitafutwa ukakosekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kiwe na masjala ya ardhi. Pale palikuwa na kabati lililolowa. Shamba likaenda. Ndipo nikaanza kuuliza ni nani kazi yake kutunza karatasi zile.

Sasa ni kazi yangu. Naambatisha barua kwenye jalada lake, naipa namba ya folio, naandika jalada limekwenda kwa nani na linarudi lini. Anakuja mwalimu anayekaribia kustaafu, barua yake ya kuthibitishwa kazini haimo kwenye jalada binafsi, na bila hiyo mafao yanakwama. Namwambia, "Shikamoo mwalimu, keti," kisha nazama kwenye majalada ya zamani, shule aliyoanzia, wilaya aliyohamia. Nikiipata, ananishika mkono kwa mikono miwili. Hakuna barua niliyowahi kuchapa iliyonipa furaha hiyo.

Sisemi uhazili umekufa kwa kuwa wakuu sasa wanachapa wenyewe na mafaili yanapita kwenye mfumo wa kompyuta. Miadi, vikao, wageni na siri za ofisi bado vinahitaji mtu makini. Ila hatimkato ni ngumu: matangazo ya kada hiyo yanataka maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Upande wangu, ninachokisubiri ni shahada, ili niombe kuwa Afisa Kumbukumbu, ngazi ya TGS D.

Binti wa mama mdogo amemaliza kidato cha nne. Mkono wake mwepesi, anapenda watu, na hawezi kukaa siku nzima na majalada yasiyosema. Nimemshauri uhazili, na nimemwambia asikubali kazi bila mkataba wa maandishi. Treni ya umeme inasimama Kilosa lakini kwa sasa inaishia Dodoma, kwa hiyo Tabora ataenda kwa ile ya zamani. Nauli nitatoa mimi.