Akrabu na Jua la Tabora

Tangu kaburi la Tutankhamun lifunguliwe mwaka 1922, mafundi wa Ulaya hawajachoka kuzipamba saa kwa miungu ya Misri ya kale. Juu ya uso wa saa ya kutia ufunguo huchorwa mashua ya Ra, mungu jua, au Khepri, yule mdudu aviringishaye donge la samadi kama jua liviringishwavyo mbinguni. Mapambo hayo yana fahari yake, ila yana kasoro ambayo mtoto wa pwani huitambua pasi na kufunzwa.

Wamisri waliugawa usiku mafungu 12, wakaanza kuhesabu jua linapotua. Katika michoro ya makaburi ya wafalme wao, Ra husafiri kwa mashua chini ya ardhi. Saa ya sita huungana na Osiris katika kina cha giza. Saa ya saba hukabiliana na joka Apophis. Saa ya 12 huzaliwa upya akiwa Khepri. Sasa msomaji na ahesabu kwa Kiswahili. Saa sita ya usiku ni kati ya usiku hasa, na inayofuata ni saa saba, ila hapo akrabu fupi imeelekea tarakimu ya moja. Fundi aliyemchora joka penye saba amemkosa kwa nusu ya duara. (Akrabu, kwa Kiarabu, ni nge, na Wamisri nao walikuwa na mungu wa kike, Serket, aliyevaa nge kichwani.)

Hesabu hiyo ya jua ndiyo iliyokwenda bara na misafara, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na Ujiji. Alfajiri watu waliamshwa na majogoo waliobebwa safarini. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, pale ilipo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakakirimiwa na Snay bin Amir. Wao walihitaji saa ya namna nyingine, ishikayo wakati wa Greenwich bila kuyumba, kwani kwa saa hiyo msafiri huijua longitudo yake. Ikikosea dakika 4, ramani hupotoka digrii nzima, ambayo karibu na ikweta ni kilomita 111. Saa zao ziliharibika njiani. Ikawabidi kufunga risasi kwenye uzi wa mita moja hivi, kuining'iniza, na kuhesabu sekunde kwa kubembea kwake. Majogoo hawakuhitaji fundi.

Julai 1858 Speke aliondoka Kaze kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa Nyanza, akaamini kuwa ndilo chimbuko la Nile. Wamisri walikuwa wamelitafuta karibu zaidi: furiko la mto, walisema, hutoka pangoni mwa Hapi, kwenye miamba ya Aswan.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na garimoshi halimngojei mtu atazame kivuli chake. Leo Tabora na Unguja zinafuata saa ileile. Jua lao ni mbalimbali. Tabora iko magharibi zaidi kwa digrii 6 na kitu, hivyo jua huifikia kama dakika 25 baada ya Unguja. Mkazi wa Tabora akifungua saumu kwa adhana ya Unguja aliyoisikia redioni, amefungua mchana, hata kama saa aliyoivaa haijakosea sekunde moja. Hapo si kamani iliyolegea wala ufunguo uliosahauliwa. Saa imesema kweli ya mahali pengine. Akrabu mbili zikikutana juu, mtu wa Tabora husema saa sita, kama asemavyo mwenzake wa Unguja, na kivuli bado kimelala upande wa magharibi. Kwa wastani, huko jua hufika utosini saa saba kasoro dakika 11.