Kidogo Kisichokatika

Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Aghalabu methali hii hutajwa penye mali au masomo. Mimi nimeionea maana katika ibada, hasa ile aifanyayo mwanamke Mwislamu faraghani, pasipo imamu wala jirani wa kumshuhudia.

Nimelelewa Kitale, na huko Bungoma nimekaa kwa shangazi yangu, fundi wa cherehani. Katika miji hii miwili sisi Waislamu ni wachache, na buibui humtangaza mwanamke kabla hajafungua kinywa. Hapo ndipo penye mtihani. Dini inayoonekana huvuta sifa: huyu mcha Mungu, yule hakosi tarawehe. Ramadhani ikiingia, wanawake hujaa nyuma ya pazia msikitini. Mwezi wa Shawali ukiandama, ni nani amjuaye aliyeendelea kuamka usiku? Hamjui mtu, na huko kutojulikana ndiko kipimo cha ikhlasi.

Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipokea kwa Mtume (S.A.W.) mafunzo kwamba amali ipendwayo zaidi na Mola ni ile idumuyo, hata ikiwa chache. Shangazi huyatekeleza bila kuyahubiri. Kabla ya adhuhuri huweka mkasi chini, hutia udhu, kisha husali rakaa mbili za Dhuha kati ya vitambaa vyake. Hazipunguzi hata shule zinapofunguliwa na sare za wanafunzi zikamlundikia. Nilimuuliza mbona hasali nne au nane. Akanijibu, “Mwanangu, mbili naziweza hata siku niliyochoka.”

Yamkini msomaji atauliza: je, siku za hedhi, ambapo mwanamke haruhusiwi kusali, hazikati udumifu huo? La hasha! Kuiacha sala kwa kutii amri ni utiifu vilevile. Isitoshe, dhikri, dua na kumsalia Mtume havikuondolewa. Anayeketi saa ileile ya alfajiri akamtaja Mola wake ameilinda miadi yake, ingawa hakurukuu wala hakusujudu.

Mnamo 1858, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Watu wengi huukumbuka kwa yale aliyoyasema kuhusu mume na nyumba. Hata hivyo, wasia wake wa kwanza ni kushika dini: faradhi isipuuzwe, na sunna ifuatwe iwezekanapo. Mama huyo alikijua kipimo cha uwezo, kama akijuavyo shangazi yangu.

Enyi dada zangu mlio mabwenini, mbali na macho ya wazazi, humu ndimo tunamojulikana tulivyo. Tusijitwike mzigo wa usiku mmoja tukautua kesho yake. Tuchague kidogo tukiwezacho, tukifiche, tusikikate.